Waraka wa Kumi na Saba

Kampuni ya bima hututumia waraka mara mbili kwa mwezi, hesabu ikianza upya kila mwaka, mwingine kurasa mbili, mwingine kumi na mbili. Kuupokea ni kazi yangu. Nauchapa, naugonga muhuri wa UMESOMWA, natia sahihi yangu, kisha natakiwa niwapelekee daktari wa meno na muuguzi wausome na kutia sahihi. Lakini hao wawili kutwa nzima mikono yao imo midomoni mwa watu, kwa hiyo miaka sita sasa nawatilia mimi. Sahihi ya daktari naipiga vizuri kuliko yeye mwenyewe. Tulikuwa tukicheka juu ya hilo. Kaka yangu, kinyozi wa mtaa wa pili, alipopata habari akanibatiza jina la Bibi Muhuri.

Jumanne alikuja kwetu kliniki ameshika shavu. Kaka alikuwa mtu wa maneno. Unaingia kunyoa ndevu, unatoka unajua ukoo mzima wa jirani. Siku hiyo mdomo haukufunguka hata kidole kupita. Daktari alimtazama, akaniambia usaha umeshuka chini ya taya, uvimbe upasuliwe na jino ling'olewe leo leo. Halafu akauliza kibali cha bima kiko wapi. Upasuaji wa taya hatuugusi bila kibali. Mwaka jana tuliugusa, bima wakatufungia malipo mwezi mzima. Nikatuma ombi, daktari akampa vidonge, kaka akarudi nyumbani kusubiri.

Jumatano ombi lilikuwa linashughulikiwa. Alhamisi pia. Nilipiga simu nikapigiwa muziki, nikapiga tena, muziki ule ule. Wifi yangu, ambaye bima ilitoka kazini kwake, alinipigia kila baada ya saa mbili, na mimi nikamwambia subira huvuta heri. Nilimwambia hivyo, mimi, kwa mdomo wangu.

Alhamisi alasiri kaka alirudi. Shingo ilikuwa imejaa, kola haifungi, na mate anayatemea kwenye kitambaa kwa sababu hayamezeki. Aliegemea meza yangu.

"Bibi Muhuri," akasema, "bado tu?"

"Bado, kaka."

Daktari alipomwona aliandika barua ya kumpeleka hospitali kuu. Huko hewa ilimkatikia mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Tulimzika Jumamosi. Sikulia. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza chochote, hapakuwa na cha kukaza. Nilihesabu miguu ya viti vya kukodi, sijui kwa nini, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Jumatatu nilikwenda kazini kwa sababu ilikuwa Jumatatu. Nikafungua kompyuta, nikakuta majibu ya bima. Ombi limerudishwa bila kushughulikiwa. Uvimbe wa taya wenye usaha ni dharura, na tangu tarehe mosi dharura hazihitaji kibali. Tafadhali rejea waraka wa kumi na saba.

Jalada liko nyuma ya kiti changu, sikuhitaji hata kusimama. Waraka wa kumi na saba ulikuwa na muhuri wangu, umenyooka vizuri, na chini yake sahihi tatu za mkono mmoja. Daktari alitoka chumbani kwake, akaona nilichoshika, akasoma mistari miwili akiwa amesimama, akarudi ndani na kufunga mlango. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bado hajaingia.

Simu ikalia. Alikuwa wifi. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema hapati usingizi, kuna jambo moja linamsumbua, anataka tu kujua.

"Kile kibali kilikuja?"

Ningeweza kusema hapana, na isingekuwa uongo. Nikamwambia akae chini kwanza. Nilimsikia akivuta kiti. Kisha nikauweka waraka mbele yangu na kumsomea wote, neno kwa neno, tangu tarehe juu hadi sahihi tatu chini. Na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuusoma.