Abiria wa Kituo cha Mia Tatu Tisini na Saba

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Wilaiwan alirudisha gari lake kinyumenyume kwenye nafasi namba mbili ya kituo cha kuchajia magari pale Mukdahan, kati ya kibanda cha kahawa na choo cha wanaume. Alishuka, akachomeka waya, akarudi hatua nne nyuma na kupiga picha. Chama chake cha wenye magari ya umeme kilishindanisha wanachama kwa idadi ya vituo walivyochajia, na kanuni zilitaka picha ionyeshe namba za gari, namba ya kituo, na waya ukiwa umechomekwa. Kimoja kikikosekana, kituo hakihesabiwi. Wilaiwan alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na sita katika sekondari moja ya Udon Thani, na picha yake haikuwahi kukataliwa. Hiki kilikuwa kituo chake cha mia tatu tisini na saba tangu Januari.

Betri ilipofika asilimia sabini na moja, kiti cha nyuma kililowa. Maji yalitokea kwanza kwenye mshono wa kitambaa, kisha bibi kizee mmoja akawa ameketi pale, nguo yake ya kiunoni imemganda magotini, amepakata kikapu cha mianzi cha kupikia wali wa kunata. Wilaiwan alimwona kwenye kioo. Akatoa taulo kwenye buti, akampa, akamwomba asogee kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na jua.

Wanachama waliochaji karibu na Mto Mekong walishazoea mambo hayo. Bwana mmoja wa Nakhon Phanom alichomeka gari lake akakuta nyati mchanga kwenye buti, na ikambidi aendeshe buti likiwa wazi hadi nyumbani. Kanuni ya kumi na nne ilisema abiria wanaotoka kwenye waya hawaongezi pointi, na kukausha viti ni kazi ya mwenye gari. Wengi waliwashusha kituo kilichofuata. Daktari Thirawut, daktari wa meno wa Khorat ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza mashindano, alifunga milango ya nyuma kwa ufunguo kabla ya kuchomeka, na viti vyake alivifunika plastiki.

Bibi huyo aliitwa Khampheng. Alitoka ng'ambo, Laos, lakini walielewana bila shida. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa moja, serikali tu ndizo zilikuwa mbili. Alieleza kwamba kijiji chao, Ban Nadon, kilikuwa bondeni, nyumba sitini na mbili, hadi kampuni ilipojenga bwawa la umeme. Maji yalipanda siku kumi na tisa. Wanakijiji walipakiwa kwenye malori na kupelekwa mlimani, wakaahidiwa nyumba, mashamba, na umeme ndani ya mwaka wa kwanza. Huu ulikuwa mwaka wa tisa.

"Kwa hiyo wewe ulizama, mama?" Wilaiwan aliuliza.

"Sikuzama. Nilipanda lori kama wenzangu. Hivi sasa niko kule juu, nimeketi mlangoni. Ila kuna mimi mwingine aliyekataa kupanda, akabaki anafagia nyumba. Ndiye huyu."

Alikuwa amefagia chini ya maji miaka yote hiyo, mpaka mkondo ulipomvuta mtamboni pamoja na maji mengine. Kutoka hapo alipita kwenye nyaya, akavuka mto bila kulipa nauli.

"Na sasa unataka kwenda wapi?"

"Nilipo mimi. Wewe unaelekea wapi?"

Wilaiwan alimwambia ukweli, kwamba anakwenda popote penye mashine ya kuchajia ambayo hajaipiga picha.

"Basi twende," Khampheng alisema. "Huenda ni njia moja."

Wakasafiri siku kumi na moja. Khampheng alisinzia gari likitembea na kuamka likichomekwa. Alikuwa na faida zake. Kabla gari halijaegeshwa vizuri alikuwa ameshajua kama mashine ni nzima. "Hii imekufa," alikuwa akisema, na Wilaiwan aliondoka bila hata kushuka, huku Daktari Thirawut, mji wa tatu kutoka hapo, akihangaika na kioo cha mashine kilichoganda. Walikula kuku wa kuchoma Yasothon. Walikula papai bichi la kutwanga na pilipili Si Sa Ket, na Khampheng akasema mpishi ana mkono mwepesi kwenye samaki wa kuvundika. Kila kituo aliuliza kama kuna mtu wa Ban Nadon. Wawili walipatikana, lakini magari yaliyowaleta yalikuwa yameshawashusha, nao wamekaa kivulini karibu na mashine wakisubiri mtu anayepanda milimani. Hakuna aliyekuwa akipanda milimani. Kule hakukuwa na vituo.

Jambo moja tu lilimsumbua Wilaiwan. Khampheng alikuwa anakauka. Ilikuwa Aprili, joto la kuvunja vigae, na kila siku unyevu wake ulishuka kidogo: kwanza nywele, kisha mabega, kisha kiuno. Wilaiwan alimmwagia maji ya bomba mikononi, kama watoto wanavyowamwagia wazee wakati wa Songkran, sikukuu ya mwaka mpya, kuomba baraka. Khampheng alimbariki vizuri, lakini maji hayakumshika. Yaliteleza chini kama juu ya jani la yungiyungi.

"Ukikauka kabisa?"

"Nitabaki nguo tupu," Khampheng alisema.

Mashindano yalikuwa yanafungwa tarehe kumi na tatu, siku ya Songkran, saa kumi na mbili jioni. Alfajiri ya siku hiyo Wilaiwan alikuwa Amnat Charoen akiwa na vituo mia nne thelathini. Daktari Thirawut alikuwa na mia nne thelathini vilevile, na hapakuwa na kituo alichokijua ambacho hakukifikia. Alipiga simu akiwa anatafuna kitu.

"Mwalimu, tugawane kombe. Wewe ukae nalo miezi sita, mimi sita. Umri nao unahitaji kupumzika."

"Daktari, wewe ng'oa meno. Kuhesabu niachie mimi."

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa fundi wa umeme mjini Surin, na jana yake alikuwa amemnong'oneza kwamba vituo viwili vipya vimewashwa huko, bado havijaingia kwenye ramani. Vituo viwili, kilomita mia mbili, barabara nzuri. Saa sita mchana angekuwa bingwa. Hakuwahi kuwa bingwa wa kitu chochote. Hata tuzo ya mwalimu bora ilimpita mara tatu kwenda kwa walimu wa michezo.

Njia panda ilikuwa na taa nyekundu. Wilaiwan alitazama kioo. Khampheng alikuwa mkavu hadi vifundoni. Ni nyayo tu zilizokuwa zinaacha alama kwenye zulia la gari. Hakuomba chochote. Alikuwa anatazama soko likifunguliwa.

Wilaiwan akapiga hesabu. Kaskazini, ng'ambo ya daraja, kulikuwa na vituo viwili Savannakhet ambavyo alishavipiga picha Januari. Kutoka pale hadi Ban Nadon Mpya, kule mlimani walikohamishiwa wanakijiji, ni kilomita mia mbili na kumi, nusu yake mlima, na hakuna mashine hata moja. Gari likijaa kabisa lingefika likiwa na asilimia tatu au nne. Kurudi hakukuwemo kwenye hesabu. Aliirudia tangu mwanzo, ikaleta jibu lilelile. Taa ilipogeuka kijani akakata kuelekea darajani.

Mpakani, afisa wa uhamiaji aliomba pasi mbili akapewa moja. Aliinama, akamtazama Khampheng dirishani, akaona nyayo zake. Akauliza ameingia Thailand kwa njia gani. Khampheng alinyoosha kidole juu, kwenye nyaya. Afisa akafungua kitabu, akatafuta safu inayofaa, akaandika: "Umeme, kiasi kidogo, unarudi ulikotoka." Akagonga muhuri, akawatakia mwaka mpya mwema.

Walifika saa tisa na nusu alasiri, betri ikiwa asilimia tatu. Ban Nadon Mpya ilikuwa safu tatu za nyumba za mabati kwenye udongo mwekundu. Kila nyumba ilikuwa na namba iliyopakwa na kampuni, swichi moja ukutani na balbu moja darini, vyote vikiwa vimefungwa tangu mwaka wa kwanza, na hakuna waya uliovifikia. Juu ya mapaa zilipita nyaya sita nene kutoka bwawani kuelekea Thailand. Zilivuma kutwa nzima, hivyo watu wa pale walizungumza kwa sauti ya juu kidogo.

Khampheng wa mlimani alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba namba thelathini na moja. Alimtazama yule aliyeshuka garini.

"Umechelewa," alisema.

"Nilipitia Yasothon."

Yule wa mlimani akasogea, yule wa bondeni akaketi. Hawakukumbatiana. Wa mlimani aliinama, akashika nyayo zile zenye unyevu kwa viganja vyote viwili, akajipaka usoni. Akamweleza Wilaiwan, kama mtu anayeeleza maumivu ya mgongo, kwamba kwa miaka tisa kila akiamka hugeukia kulia, kwenye dirisha ambalo nyumba hii haina. Halafu akaegemea bega la mwenzake, akalala dakika ishirini, na jirani aliyepita akashusha sauti.

Wilaiwan alijifanya anakagua matairi. Macho yalikuwa yanamchoma.

Alipoaga, wakamuuliza anaondokaje. Akasema hajui, labda atapata lori la kumvuta. Khampheng wa bondeni akaomba plagi. Alitoka kwenye waya, alisema. Umeme kiasi bado ulikuwa umebaki mwilini mwake. Akaushika mwisho wa waya kwa mkono wa kulia, na kioo cha dashibodi kikaandika kwamba chaji inaingia, kasi nzuri kuliko Mukdahan.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Wilaiwan alisita kidogo, si sana. Akamwomba asimame karibu na ukuta ili namba thelathini na moja ionekane, akarudi nyuma, akapiga picha.

Wakati huo Khampheng wa mlimani alikuwa anawaza lake. Akamwita mwenzake ndani na kumwomba aguse swichi. Balbu ikawaka. Watu wa safu zote tatu wakaja, wakasimama mlangoni wakiitazama, na mzee mmoja akaomba kuizima na kuiwasha mwenyewe, mara mbili.

Nusu saa haikupita, akafika mtu wa kampuni kwa pikipiki, mwanamume wa makamo, mpole. Alivua viatu mlangoni. Akaeleza kwamba umeme wa bwawa lile, wote, uliuzwa ng'ambo kwa miaka ishirini na saba kabla bwawa halijajengwa. Gari la mwalimu lina namba za ng'ambo, kwa hiyo linachukua kilicho chake. Balbu hii haina mkataba, wala nyingine yoyote ya kijiji hiki.

"Lakini umeme wenyewe ni yeye," Wilaiwan alisema. "Ni nyumba yake, na mkono ni wake. Hesabu yako ina kosa, bwana."

"Si hesabu, mwalimu. Ni mkataba." Akapanda kigoda, akaifungua balbu kwa leso kwa sababu ilikuwa ya moto, akaitia mfukoni, akaomba samahani kwa kuwakatiza sikukuu.

Kamati ya chama ilikaa siku tano. Daktari Thirawut alipinga akisema bibi kizee si mashine. Mwenyekiti alisoma kanuni kwa sauti: namba ya gari ipo, namba ya kituo ipo, waya umechomekwa, saa haijafika kumi na mbili. Ban Nadon Mpya ikaandikwa kwenye orodha kuwa kituo halali, na Wilaiwan akapewa kombe kwa vituo mia nne thelathini na kimoja. Aliposimama jukwaani alizungumzia balbu. Walimsikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, wakauliza barabara ya kupanda kule ina mashimo kiasi gani.

Mwaka uliofuata milango ya nyuma haikufungwa tena. Kila mtu alitaka abiria, kwa sababu bila abiria usingeweza kuchaji Ban Nadon Mpya, na bila Ban Nadon Mpya usingeshinda. Waliwasaka kwenye vituo vyote vya kando ya mto, wakawapa maji na matunda, wakawapandisha mlimani mmoja mmoja. Hadi Songkran, nyumba arobaini na nne kati ya sitini na mbili zilikuwa zimepata watu wake. Walilala vizuri, walinenepa. Mkuu wa kijiji aliiandikia kampuni tena kuhusu nguzo, na kampuni ikajibu kwa barua nzuri kwamba ni mwakani.

Jioni ya tarehe kumi na mbili magari yalipanga foleni hadi kwenye mteremko. Daktari Thirawut alikuwa amemleta mzee mmoja fundi wa nyavu, na alikuwa na haraka.

"Babu, inua waya kidogo. Jua liko nyuma yako, namba haionekani."

Mzee akainua.

Giza lilipoanza kuingia, gari moja baada ya jingine liligeuza na kushuka, taa zikikata kona za mlima. Ndani ya nyumba watu walianza kupapasa kutafuta koroboi. Wilaiwan alikuwa wa mwisho. Alichaji hadi asilimia mia, akawashukuru akina Khampheng wote wawili kwa viganja vilivyokutana, akaingia garini. Kabla ya kuondoka aligeuza gari likaelekea nyumba namba thelathini na moja, akawasha taa kubwa, akasubiri hadi walipoona kibiriti kilipo.