Rangi Juu ya Mafuta

Majirani walimpachika jina la Mzee Lawama, naye akalivaa kama koti. Bomba la uani likivuja, kosa la wakubwa. Taa ya ngazini ikizimika, wakubwa. Mkewe alipofariki, hata hapo wakubwa hawakukosa lao. Na vigae vya ukuta wa jiko lake vilipogeuka manjano, alisimama uani mbele ya wapangaji wenzake akatangaza:

"Hawa wa ofisi ya nyumba wametubandikia vigae vya kutupwa! Wamekula! Jumatatu twendeni wote, mimi mbele."

Wakampigia makofi. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa ofisi, alikuwa binti yake. "Baba," alikuwa amemwambia, "nikija tena nikute jiko liko vile vile, nafungasha nguo zako unakuja kuishi kwangu."

Kuishi kwa mkwe! Uombe ruhusa ya kuwasha redio! Bora kaburi.

Basi akaenda dukani kuchukua kopo la rangi ya mafuta, nyeupe, ile rahisi kuliko zote. Muuza duka akamwambia, "Mzee wangu, osha kwanza ukuta, kisha usugue kwa msasa. Rangi haishiki juu ya mafuta."

"Sema unataka kuniuzia na msasa! Wewe na wakubwa baba mmoja, mama mmoja."

Akapaka. Akapaka juu ya moshi, juu ya mafuta ya kukaangia, juu ya ule utelezi ulioganda nyuma ya jiko. Ilipokauka, ukuta uling'aa kama meno ya bwana harusi.

Jumatatu asubuhi binti akaja. Akasimama mlangoni pa jiko, mkono mdomoni.

"Baba! Umefanya mwenyewe?"

"Nani tena? Wakubwa?"

Binti akacheka, akateleka birika. Mzee akavuta kiti, akaanza kusimulia jinsi alivyoshika brashi. Hakufika mbali. Mvuke ulipanda ukutani, rangi ikatoka malengelenge, kisha ikajikunja taratibu kama utando wa maziwa. Ukanda mzima ukaning'inia, ukaangukia birika. Nyuma yake, manjano yale yale.

Binti aliuondoa ukanda ule. Alichanganya siki na magadi bakulini, akatwaa kitambaa, akasugua kigae kimoja kwa kuzungusha, kuanzia kona, mkono ule ule wa marehemu mamake. Kigae kikatoka cheupe, na ua dogo la bluu pembeni. Mzee alikuwa amelisahau ua lile.

"Mbona hiki kizima?"

"Vyote vizima, Baba. Mama alikuwa akiviosha kila Jumamosi. Hukuwahi kumwona?"

Alimwona. Alimwona juu ya kiti, kitambaa mkononi, akamwambia ashuke, anamzibia mwanga. Tangu azikwe, hakuna mkono uliogusa ukuta ule. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amewakusanya watu kuwaonyesha la wenzake.

Chini uani fundi viatu, jirani yake, akapaza sauti: "Mzee Lawama! Jeshi limejipanga, kiongozi! Shuka!"

"Waambie naumwa," Mzee akanong'ona.

Binti alimtazama tu. Siki ilikuwa ikimchuruzika mpaka kiwikoni.

Mzee akajikokota hadi dirishani. "Sikilizeni! Kwa bomba nendeni, bomba ni lao, Mungu shahidi. Kwa vigae…" Akageuka kutazama ukuta. "Vigae msivitaje. Vyangu vilikuwa vichafu. Nilikuwa sioshi."

Kisha kicheko kikapanda ngazi zote.

"Eh! Sasa leo tumlaumu nani?" fundi viatu akauliza.

Siku nyingine angemjibu papo hapo. Leo alifunga dirisha, akampokonya binti kitambaa, akaanza kusugua huku amempa mgongo, asionwe uso.

Habari ya kufungasha nguo binti hakuigusa.

"Usianzie katikati, Baba," akasema mwishowe. "Anzia kona."