Amina ya Mwadi

Kamina, mwaka ule wa tisini na tisa, treni ilikuwa ya wanajeshi kwanza, sisi raia baadaye. Ikitokea ya kwenda Lubumbashi unapanda, usipokuwa tayari shauri lako. Na mtoto wa kanisa letu la Metodisti haondoki hivi hivi. Anapiga magoti mbele ya waumini, baba anamwekea mkono kichwani na kutaja anachokwenda kutafuta. Bila hivyo, hakuna nyumba ya kanisa huko Lubumbashi itakayompokea.

Treni ilikuwa ya kesho. Basi Jumapili hiyo Mwadi akaitwa mbele. Baba yake, Ézéchiel, mwalimu wa hesabu, mkali kama pilipili, akasimama kando yake.

"Mwanangu anaenda kusoma pédagogie, akuwe mwalimu sawa miye."

"Hapana, baba. Informatique, kazi ya kompyuta."

Aka! Kanisa zima likageuka. Hata kwaya ikaacha kujipepea.

"Hesabu inakushinda!" baba akafoka mbele ya watu wote, bila hata haya. "Miye njo nilikufundisha. Nilikupatia tatu ku kumi, tena kwa huruma!"

Watu wakacheka. Mwadi aliona aibu, lakini hakurudi nyuma. Kompyuta alikuwa ameiona moja tu maishani, ya ofisi ya misheni. Mama Hulda, karani, alikosea, akafuta, akaandika tena, na karatasi ikatoka safi. Darasani kwa baba yake kosa lilikaa ubaoni mpaka kengele, ili kila mtu alione.

"Njo kweli, baba, hesabu inanishinda. Na hii vita je, haitushinde? Chumvi inatushinda, treni inatushinda, na kila asubuhi tunaamuka. Kama bantu ba Kamina bangefanya tu bile banaweza, tungekuwa tumekufa zamani! Nikianguka, nitarudilia mwaka. Lakini ku pédagogie siende."

"Basi mukono yangu siweke."

Pasta Edmond akakohoa, akaanza kutafuta kitu ndani ya Biblia yake ambacho hakikuwemo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwadi akapiga magoti pale pale kwenye saruji, akaukamata mkono wa baba yake, wenye chaki hadi ndani ya kucha, akauweka mwenyewe juu ya kichwa chake. Wazee wakaguna. Tangu lini mtoto akajichukulia baraka?

"Lomba Mungu bile unataka, baba. Amina njo yangu."

Baba akautazama mkono wake pale kichwani. Angeweza kuuondoa, na wote tulingoja auondoe.

"Mungu," akaanza, "huyu mutoto hesabu hajue. Miye nilimufundisha, nikashindwa. Sasa anaenda ku informatique..."

"Amina!" akasema Mwadi, kabla baba hajaongeza neno.