Ruhusa ya Marehemu

Fundi wa kompyuta alibakiza alama ya dole gumba la mama yake tu kwenye karatasi ya ruhusa, kisha kompyuta arobaini zingekwenda shule ya wasioona. Lakini mama, ambaye naye haoni tangu ujana, alikuwa amekaa mbele ya binti yake huyo mkao wa mtu aliyekuja kubishana.

"Nieleze tena, na usinizungushe."

Haya basi. Programu ile ya kusoma maandishi kwa sauti iliandikwa na mdogo wake fundi, marehemu sasa, na sauti yenyewe ni yake. Aliitoa huria, kwa leseni isemayo: chukua, badilisha, gawa, ila ukigawa toa msimbo wote, yaani maandishi yanayoiunda programu, pamoja na wa kitu chochote ulichokiunganisha nayo. Alisamehe kitu kimoja tu, maktaba, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu huviazima, zinazokuja na mfumo wa mashine yenyewe. Sasa hizi mashine mpya, kwa ubahili wa kiwanda, hazikuja na maktaba ya sauti. Inatolewa kando, imefungwa, msimbo wake huupati hata ulie. Ilibidi fundi aitie mwenyewe kwenye kifurushi kimoja na programu, na hapo ndipo leseni inapokataa katakata. Wa kuruhusu ni mwenye programu. Mwenyewe yuko kaburini, na mrithi wake ni mama.

"Yeye angekubali?"

"Watoto arobaini, mama! Wanasubiri kusoma."

"Sikuuliza wako wangapi. Nimeuliza yeye."

Fundi alilijua jibu. Mdogo wake alikuwa kichwa ngumu wa kutupwa, na kazi nono aliwahi kuiacha kwa kukataa kuchanganya programu yake na msimbo uliofungwa. Ila alikuwa na mazoea ya kuwaachia maelezo ndani ya msimbo mafundi watakaomfuata, na mama alilijua hilo.

"Aliacha neno humu, mama. Ngoja nilitafute."

Hakutafuta kitu. Aliandika chapuchapu, akabonyeza.

"Atakayekwama kwa maktaba iliyofungwa," ikasema sauti, baada ya kuvuta pumzi kama alivyozoea kuivuta akiwa hai, "mimi namruhusu."

Vinyweleo vikamsimama fundi. Maneno kayatunga yeye, tena sasa hivi, lakini loo! Alihisi kabisa kuna mtu nyuma ya kiti chake, na hakuthubutu kugeuka.

Mama akaomba wino, akagandamiza dole kwenye karatasi. Fundi akashusha pumzi. Yamekwisha, alijiambia.

"Na langu je?" mama akauliza. "Mafundi wote hao kawaachia maneno. Mimi mama yake hakuniachia hata moja? Siku ile hospitali nilimkuta ameshafunikwa shuka."

Miaka mitatu fundi alikuwa anausoma msimbo ule, mstari kwa mstari. La mama halimo. Angesema hivyo tu, wala asingekuwa na kosa. Lakini vidole vikatangulia.

Pumzi ikavutwa tena mle chumbani.

"Mama, hukuchelewa."

Machozi yalimtiririka mama, asiyafute. Kisha akapapasa meza mpaka akaipata karatasi, wino bado mbichi, akaisukuma kwa binti yake.

"Ichane," akasema. "Nilichelewa, na mwanangu hakuwa mwongo."