Kidole cha Faraja

Kwa heshima zote ninazoweza kuzikusanya, naeleza jinsi kidole cha Faraja kilivyoagana na mkono wake.

Shule yetu ya bweni iko mlimani, juu ya mji wa Morogoro. Nilikuwa na onyo la mwisho: kosa moja tena, narudi nyumbani Mikese na tranka langu. Ndipo mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Prisca, akataka tuigize bakteria wa kipindupindu anavyogawanyika. Bakteria huyo ana kromosomu mbili, kubwa na ndogo. Kamba ya katani ilitutosha kwa ile kubwa tu. Tukafunga maduara mawili, kromosomu na nakala yake. Bweni la Evance lingevuta moja upande huu wa uwanja, bweni la Nasibu lingine upande ule. Yakishaachana, kidato cha nne wangejaa katikati kama ukuta, seli moja iwe mbili. Watakaotangulia kufika mwisho wangekula nyama ya Jumapili ya wenzao.

Nasibu ndiye aliyebeba kamba. Mimi ndiye niliyelifungua duara moja, nikalipitisha ndani ya jingine kama pete za mnyororo, nikalifunga tena. Majani marefu yakaficha.

Filimbi ikalia, watu themanini wakavuta. Faraja, msimamizi wa katikati, aliingiza mkono kuzitenganisha kamba. Zikakazika juu ya vidole vyake. Ukuta ulishaanza kukimbia. Ukamponda kutoka pande zote mbili. Evance akampiga Nasibu kichwa cha pua, na mabweni yakavaana kwa mikanda na mawe. Nilikuwa nacheka mpaka nilipokiona kidole kwenye majani.

Mwalimu Prisca aliwatawanya kwa fimbo. Akazitazama pete, akasema kwa upole kwamba bakteria wa kweli angekatwa kromosomu na ukuta wake mwenyewe na kufa, na kwamba kuna dawa zinazoua hivyohivyo, kwa kuzuia pete zisiachane. Kisha akauliza ni nani.

Wote wakamnyooshea Nasibu kidole. Pua yake ilishavunjika, na walikuwa wanamwinua wampige tena.

“Mwacheni,” nikasema. “Ni mimi.”

Faraja alikuwa amefunga mkono kwa sweta. “Nilijua,” akasema. “Nasibu hata viatu hafungi vizuri.”

Walinipiga kwa utaratibu, bweni moja baada ya jingine, wakanitoa meno mawili. Tranka nililibeba mwenyewe. Kidole kilizikwa nyuma ya maabara, sikualikwa.