Bi Kesho na Toleo Jipya

Kwa maneno ya fundi cherehani wa mlango wa pili, kompyuta ya mpiga picha iliuawa na tamaa. Husimulia pini zikiwa zimebanwa mdomoni: jamaa alikuwa na mashine nzima kabisa, haina hata mafua, kisha akasikia toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, limetoka. Akabonyeza. Mara kioo kikawa cheusi tii, na picha za harusi tatu zikaenda na maji.

"Ilimeza kila kitu, mwanangu," humalizia, "na haikucheua."

Msichana wa duka la kuchapisha alikuwa ameisikia habari hiyo mara nne. Mara ya kwanza harusi ilikuwa moja.

Duka ni la kaka yake, lakini anayekalia kiti ni yeye. Aliishia shule ya msingi. Kompyuta alijifunza kwa kuitazama, tabia moja baada ya nyingine, kama mtu anavyojua mlango upi wa kwao hukwama. Wiki ya tatu sasa, kila asubuhi, mashine ilimwonyesha ujumbe uleule: toleo hili litaacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa mwezi. Kila asubuhi kaka alisema, "Bonyeza basi tuhamie jipya!" naye akajibu, "Kesho." Ndipo akaitwa Bi Kesho, na wateja wakalidaka jina.

"Watu wanatuletea fleshi zenye uchafu wa dunia nzima," kaka alilalamika. "Tukikosa marekebisho tutalia."

"Kaka yangu, kompyuta tunayo moja. Humu mna mitihani ya shule, na mwalimu mkuu anaifuata Ijumaa. Mashine ikizimika, utamwandikia kwa mkono?"

Kaka akatupia jicho kibao cha mlangoni alichokiandika kwa mkono wake, kile ambacho mteja mmoja alikisoma akaulizia kuku. Akarudi kupanga karatasi.

Lakini kungoja kwa Bi Kesho hakukuwa kulala. Jumatatu alikwenda kumpa pole mpiga picha.

"Nimeshapoa, dada," mpiga picha alisema. "Niliiacha hapa ikijihamisha, mimi nikawa chumba cha ndani nampiga mtu picha ya pasipoti. Kurudi, imezimika! Umeme mtaani ulikuwepo. Fundi wa kompyuta anasema toleo halina kosa, kilichoiponza ni kukatika umeme katikati ya kazi."

"Na picha za watu?"

"Ziko kwenye diski ya pembeni, salama. Harusi yenyewe ilikuwa moja."

Bi Kesho akainamisha macho. Ekstensheni ya umeme ilikuwa pale karibu na mlango, na kando yake, kwenye zulia la plastiki, palikuwa na alama ya kuungua yenye umbo la pasi, ncha imeelekea ukutani. Sasa, mtaa mzima unajua nani ana pasi na hana umeme. Soketi ya fundi cherehani iliungua zamani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, haidai kitu, lakini pasi yake huomba hifadhi mlango hadi mlango. Bi Kesho akabana cheko, akaaga.

Jumanne, duka lilipokuwa tupu, alilipakia toleo jipya kwenye fleshi, akaiwasha kompyuta kutokea humo bila kugusa kilichomo ndani, kama mtu anayejaribu kiatu kabla ya kukinunua. Sauti ipo. Intaneti ipo. Printa, kizee chenye kiburi, ikakohoa, ikatema ukurasa safi.

Kaka akaruka. "Si umeona? Bonyeza!"

"Ijumaa."

"Afadhali. Leo angalau umetaja siku."

Ijumaa asubuhi mwalimu mkuu akabeba maboksi yake. Bi Kesho akanakili mafaili yote kwenye diski ya pembeni, akafungua mawili matatu kuhakikisha, kisha akaifungia kabatini. Mafaili yalikuwa salama, ila mashine ndiyo duka lenyewe, na Jumatatu shule ya pili ilikuwa inaleta mitihani yake. Akachukua utepe wa gundi, akaizungushia plagi ya kompyuta mizunguko mitatu.

"Umeme nao umekuwa mwizi?" kaka aliuliza.

"Hapana. Umekuwa na majirani."

Akabonyeza. Kaka akasimama mlangoni akawatangazia wapita njia, "Jamani, kesho imefika!" kisha akaenda kutafuta wino.

Asilimia thelathini. Hamsini. Bi Kesho alikaa bila kupepesa. Asilimia sitini na mbili, mlango ukafunguka. Fundi cherehani, pasi mkononi, suruali ya mtu begani, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, niokoe. Mpiga picha kafunga, kaenda kufuata mashine yake. Mteja kasimama dukani kwangu kajifunga kitambaa cha pazia, anangoja suruali yake. Lo, na wewe umebonyeza? Hukusikia nilivyokueleza?"

"Nilisikia, mama. Vizuri sana."

Ekstensheni ilikuwa na matundu mawili: moja la printa, moja la kompyuta. Fundi alikuwa ameshainama. Bi Kesho akavua kiatu, akanyoosha mguu polepole, akauweka juu ya ile plagi yenye utepe, macho yasibanduke kwenye kioo. Asilimia sitini na tatu.

"Dakika mbili tu, mwanangu. Nichomoe hii iliyofungwafungwa?"