Mashini ya Jemima

Jemima aliunda mashini yake kwa mabomba ya plastiki, mota ndogo, taa na kamera, kusudi kaka yake Lévi asipige tena mbizi kutafuta kilichoziba barrage, bwawa la umeme la mtaa wao, kando ya Butembo. Mara ya mwisho nusura afe.

Alipoizamisha, askari wa zamu alikuja mbio, bunduki mkononi.

"Wee! Nyaya za nini? Ni bombe?"

"Hapana, chef, si bomu. Ni mashini ya kuangalia chini ya maji."

Alimgeuzia kioo kidogo kilichoungwa na kamera kwa waya. Kioo kilionyesha tope tupu. Kisha taa ikamulika gogo, na chini yake shimo lililovuta kila kitu.

"Mutu akishuka pale, hatarudia tena," askari akanong'ona.

Mashini ikavutwa shimoni, waya ukakazika, ukakatika. Kioo kikazima.

Jemima aliketi kwenye majani, akilia, akimshukuru Mungu kwamba aliyemezwa si Lévi.